Wifi Yangu Chini ya Piano

Tuelewane mapema: mimi naona gere, na wala sijifichi. Wapo watu ambao wakishikwa na wivu husema wana wasiwasi tu, au wanamwombea fulani mema. Mimi sina muda huo. Wifi yangu nilimwonea wivu tangu siku piano ilipoingia ndani, piano yenyewe nikaionea wivu, na kuna siku niliuonea wivu hata msasa, kwa jinsi Baba alivyoupapasa kabla ya kuutumia.

Baba ni seremala. Anasema amestaafu, lakini kustaafu kwake ni kulihamisha vumbi la mbao kutoka karakana kulileta sebuleni. Mikono imeanza kumtetemeka, si sana, kiasi cha kikombe kugonga kisahani, na kwa sababu hiyo hapokei tena kazi za watu. Mtaa mzima umekalia viti vyake. Ni mtu wa maneno machache na ukaidi mwingi, na kitu kinachoyumba hakimpi usingizi. Tukienda kumsalimia mtu na meza ya mwenyeji ikatikisika, Baba huyo, keshaingia chini kuchomeka kikaratasi, mwenyeji bado anatuambia karibuni.

Mimi ni binti yake wa pekee. Nashona mapazia na vifuniko vya makochi, humo humo nyumbani, tangu ndoa iliponishinda nikarudi. Lakini tangu utotoni nilichotaka mimi ni useremala. Nilikuwa nakaa mlangoni pa karakana namwangalia, naye ananiambia, "Mama, hapa kuna misumari, nenda ndani." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na neno hilo hutoka tamu zaidi anapotaka chai. Nilipokua nilimwomba waziwazi anifundishe. Akasema mikono yangu itaharibika. Basi nikajifunza cherehani, ambayo imenitoboa vidole mpaka nimezoea, na sijasikia mtu akiisikitikia mikono yangu.

Hilo ndilo nililolitaka, nalisema kabisa msije mkahangaika kulitafuta: nilitaka Baba anipe patasi mkononi, aniambie chonga hapa.

Sasa hiyo piano. Ukumbi wa zamani wa dansi ulikuwa unabomolewa, na kwa kuwa Baba ndiye aliyekuwa akiutengenezea viti, msimamizi wake alimwambia kama anaitaka aje aichukue, la sivyo itakwenda kuwa kuni. Si ile ya kusimama ukutani. Ni ile kubwa ya kulala, yenye miguu mitatu minene na mfuniko unaoinuliwa kama boneti ya gari. Wanaume waliibeba huku wanatukana njia nzima, na walipofika mlangoni ikagoma kupita.

Hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma. Mlango ule ule niliwahi kumwomba Baba aupanue ili meza yangu ya kukatia vitambaa iingie sebuleni kwenye mwanga. Alinijibu kwamba mlango ni mlango. Leo, kwa ajili ya piano, alichukua mtaimbo mwenyewe, akaing'oa fremu aliyoichonga kwa mikono yake, tena anatabasamu. Piano ikaingia. Cherehani yangu ikatoka, ikawekwa koridoni karibu na choo.

"Ni kwa muda tu, mama," alisema.

Hali ya piano ilikuwa mbaya. Vanishi imepasuka kama matope yaliyokauka, nyuzi zimekula kutu, panya wamezaa ndani wakahama. Vinyundo vidogo vinavyogonga nyuzi vilikuwa vimevaa sufu iliyoliwa na nondo. Vibonye vya kupigia vimekuwa vya njano, vingine vimezama havirudi juu. Nilijisemea moyoni kwamba kama kuna Mungu, Baba atachoka baada ya wiki moja.

Ndipo wifi akarudi kutoka kazini.

Huyu ni mke wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa malori ya masafa marefu, akija nyumbani ni kulala na kufuliwa nguo, halafu huyo tena barabarani. Kwa hiyo wifi ni wa kwetu kwa jina tu. Anauza kwenye duka la dawa, ana vidole vyembamba vilivyozoea kuhesabu vidonge, na kila siku akifika anasalimia, anakula, anafunga mlango wa chumba chake. Sikuwa na ugomvi naye. Siku hiyo aliiona piano, akaweka mkoba sakafuni, akabonyeza kibonye kimoja. Kilitoa sauti ya kijiko kilichoangukia sinia. Wifi akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka vile.

"Nilikuwa napiga shuleni," alisema. "Baba, hii inaweza kupona?"

"Ukinisaidia."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na trei ya chai mkononi. Baba alichukua kikombe chake kutoka kwenye trei bila kuniangalia, kama vile trei imekuja yenyewe.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na lugha mpya. Mimi niliendelea kuwa mama: mama, chai, mama, miwani yangu iko wapi, mama, funga dirisha, upepo unaleta vumbi kwenye vanishi. Wifi akawa fundi. Sitanii. Mtu aliyekuwa hajui bisibisi inaangalia wapi, wiki ya pili anaitwa fundi. "Fundi, nishikie hapa." "Fundi, hebu pitisha kidole, unasikia mkwaruzo?" Na patasi alipewa. Alipewa ile nyembamba yenye mpini wa rangi ya asali, ambayo mimi nikiigusa utotoni nilifukuzwa. Baba alisimama nyuma yake, akamwonyesha namna ya kuilaza, naye akachonga kipande cha uchafu wa gundi kikatoka chote. "Umeona?" Baba aliniambia, mimi, nikiwa napita na ndoo ya nguo. "Ana mkono."

Mkono! Na mimi nilikuwa nimebeba ndoo kwa nini, kwa mguu?

Meza yangu ya kukatia nayo ilichukuliwa. Vile vinyundo vilitolewa vyote vikapangwa juu yake kwa safu, maana kila kimoja kina mahali pake na ukikichanganya na mwenzake hakikai. Nikaambiwa nisiviguse, hata kuvifuta vumbi. Nikawa nakata mapazia ya watu sakafuni, kwa magoti. Wifi alikuja kuniomba kitambaa kizito cha sufu cha kuvalisha sehemu fulani za ndani, nami nikampa kile kizuri kuliko vyote, si kwa ukarimu, ni ili isemwe kwamba kitambaa ni changu. Haikusemwa.

Kusema kweli alijaribu. "Wifi, njoo uone tulivyofika." Nikamjibu kwamba mbao nimeshaziona. Siku nyingine akaniuliza kama nimemkasirikia. Nikamwambia mimi? Nikukasirikie wewe? Kwa lipi? Maneno yale unayoyasema huku umekaza meno mpaka masikio yanauma. Akaondoka polepole, na muda si mrefu nikamsikia anacheka tena sebuleni na baba yangu.

Halafu likaja suala la ubao. Chini ya nyuzi za piano kuna ubao mpana, mwembamba, uliolala tumbo zima la piano, na chini yake una fito zake kama mbavu. Baba aliingia chini na tochi akakuta umepasuka. Akausafisha ufa, akautia gundi na kijiti chembamba, kazi safi kabisa. Ingeishia hapo tungekuwa na habari nyingine. Lakini aliusukuma ule ubao kwa kiganja, na ubao ukacheza.

"Unayumba," alisema.

Mnajua alivyo na vitu vinavyoyumba. Alichonga fito za mbao ngumu, akamwambia wifi waingie wote chini, na wakazibandika zikikatiza zile mbavu za zamani, huku na huku, kwa ile gundi yake ya ngozi anayoichemsha kwenye kopo na kuinukisha nyumba. Nilipopita niliona miguu miwili miwili imetokeza chini ya piano, ya Baba na soksi zake zilizotoboka, na ya wifi iliyopakwa rangi kucha. Gundi ilimdondokea wifi kwenye nywele, wakacheka wote wawili. Mimi sijawahi kulala chali na baba yangu chini ya kitu chochote. Nilirudi koridoni, nikawasha cherehani ili sauti yake inifunike, nikalia vizuri nikamaliza.

"Sasa umetulia," Baba alitangaza alipotoka. Aliugonga ubao kwa ngumi. Ulikuwa umekakamaa kama meza ya bucha.

Walirudisha vinyundo, wakaweka nyuzi mpya, na ikafika siku ya kumwita fundi wa kupandisha sauti za piano. Alikuja mzee mfupi mwenye koti la mifuko mingi, anatembea ameshika kiuno. Alikaza nyuzi moja moja, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kukunja uso. Mwishowe alimwambia wifi akae apige. Wifi alijifuta mikono kwenye sketi, akakaa, akapiga. Ikatoka ko, ko, ko. Sauti ilikuwepo, lakini ni kama ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Yule mzee alipiga magoti kwa taabu, akamulika chini.

"Nani ameufunga ubao huu?"

"Mimi," Baba alisema. "Ulikuwa unayumba."

"Mzee mwenzangu, unatakiwa uyumbe. Huo ndio unaoimba. Nyuzi peke yake hazina sauti ya kumwamsha hata mbu."

Seremala mwingine angeuacha ubao ule kwa uvivu, na piano ingeimba. Baba aliunyamazisha kwa sababu anaipenda kazi yake. Na mimi, kwa kuwa nimeshasema sijifichi, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipomwona anatafuta kiti kwa mkono, kama kipofu, ili akae.

Fundi alisema dawa ni moja: zile fito zitolewe zote bila kuupasua ubao, ambao ni mkavu na mwembamba, na yeye mgongo wake hauwezi tena kazi ya kulala chali siku nzima. Zikitoka, aitwe. Zisipotoka, basi, tumejipatia meza kubwa. Akaenda zake.

Kesho yake Baba aliingia chini na patasi, akatoka baada ya muda mfupi bila kugusa kitu, anauangalia mkono wake unavyotetemeka. Akaingia wifi. Tulisikia krak, akatoka anabubujikwa na machozi, na kibanzi cha ubao kidoleni.

"Siwezi, Baba. Nitaiua."

Wakakaa pale kwenye kochi, mmoja huku na mwingine kule. Hakuna aliyenitazama. Nilikuwa napiga pasi mapazia ya mteja. Nikaliondoa lile pazia mezani, nikachukua pasi yangu ya mvuke, kitambaa chenye maji na kile kisu chembamba ninachofumulia mishono, nikajitosa chini ya piano. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nusu ya ushonaji ni kufumua, na ile gundi yake ya ngozi naijua tangu utoto: ukiipa joto na unyevu inalegea.

"Mama, toka humo, utaungua," Baba alisema.

"Sitoki."

"Huwezi kuingia na pasi kwenye—"

"Baba, nimesema sitoki."

Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza kwa ajili yangu. Wifi akaenda kazini. Baba alisogeza kiti karibu, na nilichokuwa nakiona kwake ni ndara zake tu. Nilitia mvuke, nikasubiri, nikapenyeza kisu taratibu, nikasubiri tena. Ukiharakisha uzi unachana kitambaa. Nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Fito ya kwanza ikatoka mkononi mwangu nzima nzima. Nikaisukuma nje, nikaona mkono wake unaiokota.

Nilikuwa na swali lililonikaa kooni miezi yote hiyo. Kumwuliza usoni nisingeweza. Chini pale, na ubao ukiwa puani pangu, niliweza.

"Mbona yeye, Baba?"

Ndara zilisogea kidogo.

"Alikuwa amefunga sanduku," alisema. "Nililiona nyuma ya mlango wake. Kaka yako hajui mpaka leo. Alikuwa anaondoka yule, mama. Nikasema akipata kitu cha kumharakisha kurudi nyumbani jioni, labda atalifungua. Akalifungua."

"Na mimi je?"

"Wewe?" Alishangaa kwelikweli, kama mtu aliyeulizwa iwapo ukuta nao unahitaji kukaribishwa. "Wewe si upo."

Niliweka kisu kifuani. Hakuwa amesema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniingia. Angesema sina mkono, angesema mimi ni mwanamke, ningemjibu. Lakini wewe si upo, unaijibu vipi? Nilitia mvuke fito iliyofuata.

Kazi ilinichukua siku kadhaa. Shingo iliuma, nywele zikajaa gundi, wateja wangu wakasubiri. Wifi akirudi jioni ananiletea maji ya kunywa, anachuchumaa ananimulikia tochi, na nilimwacha amulike. Fito ya mwisho ilipotoka niliugusa ubao kwa ukucha, ukaguna kwa muda mrefu juu ya uso wangu.

Fundi wa piano aliitwa tena. Alipitisha kiganja chini ya ubao mpaka mwisho, akarudia. Alikaza nyuzi mchana kutwa, kisha akampisha wifi kitini. Wifi akapiga, na safari hii vikombe vililia kabatini, na mimi nikahisi sauti inapanda kutoka sakafuni kupitia nyayo. Sijui muziki, lakini nilijua kwamba kile ni kitu kizima. Baba alikuwa analia, mdomo wazi, anamwangalia wifi. Wifi, si mimi. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, na malengelenge ya pasi kwenye vidole vyangu, na wivu ukanikaba upya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi alipokuwa anakusanya vyombo vyake ndipo alipouliza.

"Hizi fito nani kazitoa?"

Wifi ndiye aliyejibu. "Wifi yangu huyu."

Mzee akanigeukia. "Binti, una kazi?"

"Nashona."

"Mimi nina piano za mashule na za kumbi, na mgongo huu umeshakataa. Natafuta mtu wa kuingia chini. Nitamfundisha yote, mbao, nyuzi, na kusikiliza. Njoo Jumatatu."

Kabla sijafungua mdomo, Baba alikuwa ameshasimama.

"Haiwezekani," alisema. "Huyu ana kazi zake hapa. Na kama ni mbao, nitamfundisha mwenyewe. Mimi ndiye baba yake."

Alimtazama yule mzee mfupi kuanzia viatu mpaka kichwani, midomo imekaza, pua imevimba. Nikamtazama vizuri, nikaitambua ile sura. Nilikuwa nimeivaa mimi tangu fremu ya mlango ing'olewe. Haikuwahi kunipendeza, lakini kwa Baba ilimkaa uzuri ajabu.

"Jumatatu nitakuja," nilimwambia fundi.

"Mama, na mimi nahitaji fundi," Baba alisema kwa sauti ndogo.

"Unaye, Baba." Nikamwonyesha wifi kwa kidevu.

Basi siku hizi naondoka asubuhi na wenye kazi zao. Wifi na Baba wanapika kwa zamu, na wote wawili hawajui. Nikirudi jioni Baba ameshakaa mezani ananisubiri, anajitia anasoma gazeti. Ananiacha ninawe, ananiacha nikae, halafu anaanza.

"Na huyo mzee wako, leo kakupa ufanye nini?"

Namweleza yote, taratibu, bila kuruka kitu. Namweleza alivyonisifu. Baba anakuna shingo.

"Patasi anakupa?"

"Ananipa."

"Anakushikisha vipi?"

Ninayo ya kwangu sasa, kwenye mkoba. Naitoa, namwonyesha. Baba anaguna kwa dharau, anainuka, anazunguka meza mpaka nyuma yangu.

"Anakuharibu yule. Si hivyo. Ilaze. Kidole gumba hapa."

Ananishika mkono kwa mkono wake unaotetemeka, anaukunja taratibu mpaka ukae sawa, na anabaki ameushikilia hivyo kwa muda. Namna ya kuilaza patasi naijua. Yule mzee alinionyesha siku ya kwanza, na ni hiyo hiyo ya Baba. Kesho nitaishika vibaya tena.